Mwongozo wa Benki wa Kuandaa Ripoti ya Uwajibikaji kwa Jamii: Mikopo Kwanza, Misaada Baadaye

Ripoti nyingi za uwajibikaji kwa jamii zinazotolewa na benki za Afrika Mashariki hufunguliwa kwa picha ileile: meneja wa kanda na mkuu wa wilaya wameshika mfano wa hundi, madawati yamepangwa nyuma yao, na wanafunzi wamesimama juani wakisubiri kuambiwa wapige makofi. Misaada hiyo ni ya kweli na shule zinaihitaji. Hata hivyo, benki inayotenga asilimia moja ya faida yake kwa ajili ya jamii, kama zilivyotangaza NMB na CRDB nchini Tanzania, huigusa jamii hiyo kwa kiasi kikubwa zaidi kupitia fedha nyingine zote zinazopita mikononi mwake: mikopo inayotolewa na inayokataliwa, riba na makato, nyumba zinazopigwa mnada, na miradi inayojengwa kwa fedha za wenye amana. Mwongozo huu ni kwa ofisa aliyekabidhiwa kazi ya kuandaa ripoti ya mwaka na ambaye hataki kuishia kwenye albamu ya picha. Mifano mingi ni ya Tanzania na Kenya, lakini utaratibu wenyewe unafaa kwa benki yoyote ya biashara.

Hatua ya kwanza: ripoti iwe na mwenyewe

Kabla ya kukusanya takwimu yoyote, pata uamuzi wa maandishi unaoonyesha nani anaimiliki ripoti. Katika benki nyingi kazi hii huachiwa idara ya mawasiliano peke yake, na hapo ndipo kasoro huanzia, kwa sababu idara hiyo haina mamlaka ya kuidai idara ya mikopo wala ya vihatarishi takwimu zao. Omba iundwe kamati ndogo yenye wajumbe kutoka fedha, mikopo, vihatarishi, rasilimali watu, huduma kwa wateja na sheria, iongozwe na mkurugenzi anayeripoti moja kwa moja kwa mtendaji mkuu, na rasimu ya mwisho ipitiwe na kamati ya bodi, kwa kawaida ile ya ukaguzi.

Amua pia mipaka. Ikiwa benki ina kampuni tanzu za bima, au matawi Bujumbura na Lubumbashi, andika wazi kama zimo au hazimo. Mwaka wa ripoti ulingane na mwaka wa hesabu za fedha, la sivyo msomaji hataweza kulinganisha shilingi yoyote ya ripoti yako na shilingi iliyo kwenye hesabu zilizokaguliwa.

Hatua ya pili: chagua viwango vichache vya kuegemea

Viwango ni vingi na wauzaji wa ushauri wanavifanya vionekane vingi zaidi. Kwa benki ya ukanda huu, viwili vinatosha kuanzia. Cha kwanza ni cha Global Reporting Initiative, yaani GRI, shirika lililoanzishwa Boston mwaka 1997. Viwango vyake vya jumla, GRI 1, GRI 2 na GRI 3, vilifanyiwa marekebisho mwaka 2021 na kuanza kutumika Januari 2023. GRI inauliza benki imeathiri vipi watu, uchumi na mazingira. Cha pili ni IFRS S1 na IFRS S2, viwango vya kimataifa vya taarifa za uendelevu vilivyotolewa Juni 2023, ambavyo huuliza swali lililogeuzwa: mambo ya jamii na tabianchi yanaweza kuathiri vipi fedha za benki yenyewe. Bodi ya wahasibu ya Tanzania, NBAA, imekwisha kuvipokea viwango hivyo vya IFRS, na kwa Kenya ratiba ya ICPAK, taasisi ya wahasibu ya nchi hiyo, inazitaka taasisi zenye maslahi kwa umma kuvitumia kuanzia mwaka wa fedha unaoanza Januari 2027.

Usichanganye maswali hayo mawili katika ukurasa mmoja. Mafuriko yanayobomoa ghala la mkopaji ni suala la IFRS S2. Familia zilizohamishwa kupisha mradi uliokopeshwa ni suala la GRI. Wakati mwingine tukio moja huangukia pande zote mbili, na hapo lieleze mara mbili bila aibu, kila upande kwa hoja yake.

Soma pia maelekezo ya msimamizi wako, kwa kuwa hayo hayana hiari. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo wa kusimamia vihatarishi vya kifedha vinavyotokana na tabianchi mwaka 2022, na Benki Kuu ya Kenya ilitoa wake Oktoba 2021, kisha Aprili 2025 ikazindua mfumo wa kutoa taarifa za tabianchi pamoja na orodha rasmi ya shughuli zinazostahili kuitwa za kijani. Benki iliyoorodheshwa Nairobi inayo pia miongozo ya soko la hisa ya Novemba 2021.

Jambo moja la kiufundi huwakwaza wengi. GRI inaruhusu kudai kuwa ripoti imeandaliwa kwa kufuata viwango vyake kikamilifu, au kwa kuvirejelea tu. Dai la kwanza lina masharti tisa, na kukosa hata moja ni kudai usichonacho. Kwa benki inayoandika ripoti yake ya kwanza au ya pili, napendekeza dai la pili, maana ni la kweli na halimpunguzii mtu heshima.

Hatua ya tatu: tafuta mada zenye uzito

GRI 3 inataka ueleze ulivyozipata mada zako muhimu, uziorodheshe, kisha ueleze kila moja inavyosimamiwa. Kosa la kawaida ni kutuma dodoso kwa wafanyakazi mia mbili na kuwauliza lipi ni muhimu kati ya elimu, afya na mazingira. Jibu litakuwa elimu na afya, kwa kuwa nani atasema elimu si muhimu? Dodoso la namna hiyo halikuambii lolote kuhusu benki.

Anza na nyaraka ulizonazo tayari. Chukua daftari la malalamiko la miezi kumi na miwili, orodha ya mikopo hamsini mikubwa zaidi, orodha ya dhamana zilizouzwa, kesi zilizo mahakamani, na barua za Benki Kuu zilizodai marekebisho. Hizo zitakupa mada halisi. Baada ya hapo nenda kwa wadau ukiwa na maswali mahususi: viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika kama unakopesha mazao, wenye vikundi vya kuweka na kukopa, mawakala, chama cha wafanyakazi, vyama vya watu wenye ulemavu. Muulize wakala wa benki huko Newala mteja hufanya nini mfumo unapokwama siku ya malipo ya korosho. Hapo utapata mada ambayo hakuna dodoso lingekuletea.

Orodha ya mwisho isizidi mada kumi hivi. Kwa benki ya biashara, sitarajii kuona ripoti isiyo na ukopeshaji unaozingatia mazingira na jamii, haki za mteja, ufikiaji wa huduma, faragha ya taarifa, na udhibiti wa rushwa na utakatishaji wa fedha.

Hatua ya nne: fungua daftari la mikopo

Hapa ndipo palipo na kazi kubwa, na ndipo ripoti nyingi hukaa kimya.

Kwanza, toa jedwali la mikopo kwa sekta: kilimo, biashara, ujenzi, viwanda, madini, nishati, usafirishaji, mikopo ya watumishi. Takwimu hizi zimo tayari kwenye taarifa zinazopelekwa Benki Kuu, kwa hiyo hakuna sababu ya kuzificha. Ongeza safu zinazoonyesha sehemu ya wanawake, ya biashara ndogo, na ya wakopaji walio nje ya miji mikubwa. Mikopo ya watumishi wa umma inayokatwa moja kwa moja kwenye mishahara inaweza kuifanya benki ionekane imewafikia wengi. Itenge peke yake ili msomaji aone kiasi gani hasa kimekwenda kwenye uzalishaji.

Pili, eleza jinsi mkopo mkubwa unavyochujwa. Je, mwombaji wa mkopo wa kiwanda huulizwa cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira kutoka NEMC, taasisi ya usimamizi wa mazingira Tanzania, au NEMA kwa Kenya? Nani hukisoma, na ni maombi mangapi yalirudishwa au kukataliwa kwa sababu hiyo? Benki zinazofuata Equator Principles, utaratibu ulioanza mwaka 2003, hupanga miradi katika makundi A, B na C kulingana na ukubwa wa madhara yanayoweza kutokea. Hata kama benki yako haijajiunga, unaweza kutumia mpangilio huo na kutaja idadi ya miradi katika kila kundi.

Tatu, usiuruke mradi ambao kila mtu anaufahamu. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani mkoani Tanga, ni mfano mzuri. Machi 2025 kampuni inayolijenga ilitangaza kupata awamu ya kwanza ya fedha kutoka kwa wakopeshaji waliojumuisha Afreximbank, Standard Bank ya Afrika Kusini, Stanbic Uganda na KCB Uganda. Mradi huo una watetezi wanaotaja ajira na mapato, na wapinzani wanaotaja fidia za ardhi, mazingira na hewa ukaa. Benki iliyo ndani ya mradi wa aina hii, iwe na msimamo wowote, inatakiwa kueleza ilipitia tathmini gani, iliweka masharti gani kwenye mkataba, na inafuatilia vipi kama masharti yanatimizwa. Ripoti ikizungumzia miche ya miti iliyopandwa na kunyamazia bomba, msomaji atajua.

Utaambiwa kuwa siri ya mteja inazuia. Ni kweli kwa jina na salio la mteja mmoja mmoja, na GRI inakubali sababu nne za kuacha taarifa: haihusiki, sheria inakataza, kuna wajibu wa siri, au taarifa haipo. Lakini sababu lazima itajwe na kufafanuliwa, na siri ya mteja mmoja haizuii kutoa jumla ya sekta.

Nne, kokotoa gesijoto zinazotokana na shughuli unazozikopesha. Njia inayotumika zaidi ni ya PCAF, ushirikiano ulioanzishwa na taasisi za fedha za Uholanzi mwaka 2015. Kanuni yake kwa kampuni isiyoorodheshwa sokoni ni rahisi: gawanya salio la mkopo wako kwa jumla ya mtaji na madeni ya kampuni hiyo, kisha zidisha kwa gesijoto ilizozalisha mwaka huo. Tuchukue kiwanda cha kubuni cha chokaa huko Tanga. Salio la mkopo ni shilingi bilioni 6, mtaji na madeni yake yote ni bilioni 24, na kimezalisha tani 8,000. Sehemu ya benki ni robo, yaani tani 2,000.

Sasa linganisha na tawi la benki. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takribani kilo 2.68 za hewa ukaa. Tawi ambalo jenereta lake limekunywa lita 3,000 kwa mwaka limetoa tani 8 na ushee. Mkopo mmoja wa kiwanda hicho unalingana na majenereta ya matawi yapatayo 250. Ndiyo maana ukurasa mzima wa kusifu taa za LED na paneli za sola za makao makuu, bila neno juu ya mikopo, ni upotoshaji hata kama kila sentensi yake ni ya kweli.

Wakopaji wengi hawana takwimu za gesijoto, na utalazimika kutumia makadirio ya sekta. PCAF huyapa makadirio alama, 1 ikiwa takwimu bora na 5 dhaifu kabisa. Chapisha alama hizo. Mwaka wa kwanza karibu zote zitakuwa 4 na 5, na hilo halina tatizo, mradi unaanza na sekta mbili au tatu zenye uzito badala ya kukokotoa kila mkopo wa bodaboda. IFRS S1 na S2 zenyewe zinatoa nafuu ya mwaka wa kwanza: unaweza kuripoti tabianchi pekee, na kuahirisha gesijoto za kundi la tatu, yaani zinazozalishwa na wengine nje ya benki yenyewe, ambamo hizi za mikopo zimo.

Ikiwa benki imeuza hati fungani kwa ahadi maalumu, mahesabu ya ahadi hiyo yakae katika sehemu hii. Jasiri ya NMB, iliyouzwa mwaka 2022 kwa ajili ya wajasiriamali wanawake, ilikusanya zaidi ya shilingi bilioni 74, na Kijani ya CRDB ilifuata mwaka 2023 kwa miradi ya mazingira. Mnunuzi wa hati kama hizo anataka kuona kiasi kilichokusanywa, kilichokopeshwa, kilichobaki na kinakaa wapi, na waliokopeshwa ni akina nani kwa ukubwa wa mkopo.

Hatua ya tano: mtendee haki mteja kwenye ukurasa pia

Kanuni za Benki Kuu ya Tanzania za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinaitaka benki iwe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko, kwa hiyo takwimu unazo. Andika yaliyopokelewa, yaliyotatuliwa, muda wa wastani, na sababu tatu zinazojirudia zaidi. Iwapo makato yasiyoeleweka ndiyo yanaongoza, sema hivyo, na useme kimefanyika nini.

Sehemu ninayoitafuta kila mara na kuikosa ni ya dhamana zilizouzwa. Ni nyumba na mashamba mangapi yalipigwa mnada? Ni wakopaji wangapi walipewa muda mpya wa kulipa kabla ya kufikia hapo? Mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, huandikwa kwa asilimia kwenye hesabu za fedha, lakini nyuma ya asilimia hiyo kuna familia, na ripoti ya uwajibikaji ndiyo mahali pake. Ongeza taarifa za uvujaji wa data za wateja, kwa kuwa Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya yake ya mwaka 2019.

Hatua ya sita: wafanyakazi na majengo

Hapa takwimu ni rahisi na sehemu iwe fupi. Idadi ya wafanyakazi kwa jinsia na ngazi, wa mkataba na wa kudumu, mafunzo kwa saa, pengo la mishahara kati ya wanaume na wanawake, wangapi wamo kwenye mkataba wa chama cha wafanyakazi. Usisahau walinzi na wasafishaji walioajiriwa kupitia kampuni nyingine. Wako mlangoni mwa benki kila siku na mara nyingi hawamo kwenye ripoti. Kwa mafuta na umeme, tumia risiti na ankara, si makisio ya meneja wa tawi.

Hatua ya saba: misaada, kwa ufupi na kwa ushahidi

Misaada isiachwe. Programu kama Wings to Fly ya benki ya Equity ya Kenya, iliyoanza mwaka 2010 kwa ushirikiano na Mastercard Foundation kusomesha watoto wenye uwezo darasani wanaotoka kwenye familia duni, inaonyesha kuwa benki inaweza kufanya jambo la kudumu. Kinachotakiwa ni kuandika matokeo, na kutenganisha fedha za benki na za wafadhili wenzake.

Sentensi duni husema: "Tuliigusa jamii kwa kukabidhi madawati 100 katika shule ya kata." Sentensi inayofaa husema: "Tulitoa madawati 100 yanayokaliwa na wanafunzi watatu kila moja, kabla ya hapo wanafunzi 340 walikaa sakafuni, na tulipokagua miezi minane baadaye madawati 91 yalikuwa yakitumika." Takwimu hizo ni za kubuni, lakini muundo wake unamlazimisha ofisa kurudi shuleni baada ya wapiga picha kuondoka. Gharama ya sherehe ya makabidhiano na ya matangazo isihesabiwe kama msaada. Udhamini wa timu ya mpira nao ni masoko, hata timu ikipendwa namna gani.

Hatua ya nane: ushahidi na uhakiki

Kila takwimu iwe na faili lake: chanzo, tarehe ya kutolewa, jina la aliyeitoa, na fomula iliyotumika. Mkaguzi wa ndani achague takwimu ishirini bila kukuarifu na azifuatilie hadi kwenye mfumo mkuu wa benki. Ukishapita hapo ndipo umwite mhakiki wa nje, atakayefanya kazi kwa kiwango cha kimataifa cha uhakiki cha ISAE 3000, au ISAE 3410 kwa gesijoto. Kiwango kipya cha ISSA 5000 kitaanza kwa vipindi vinavyoanza Desemba 15, 2026 au baada ya hapo, kwa hiyo muulize mapema kama amejiandaa. Mhakiki akihakiki takwimu tano tu, zitaje hizo tano. Usiweke barua yake mbele kana kwamba imeifunika ripoti nzima.

Ukigundua kwamba takwimu ya mwaka jana ilikosewa, isahihishe hadharani na ueleze sababu na ukubwa wa tofauti. GRI 2 ina kipengele mahususi cha hilo. Kubadilisha kimyakimya ndiko kunakoharibu jina, maana wachambuzi huwa na nakala ya zamani.

Hatua ya tisa: andika, chapisha, pokea maswali

Ripoti itoke pamoja na hesabu za fedha, kama IFRS S1 inavyotaka. Weka jedwali la GRI mwishoni linaloonyesha kila kipengele kiko ukurasa gani. Malengo ya mwaka ujao yawe na tarakimu na tarehe, na yale ya mwaka jana ambayo hayakufikiwa yarudiwe kwa maneno yaleyale yaliyotumika wakati yanaahidiwa.

Andaa muhtasari wa Kiswahili wa kurasa nne hadi sita, wenye jedwali la mikopo kwa sekta, malalamiko, makato makuu na misaada. Ripoti kamili ya Kiingereza yenye kurasa 180 husomwa na wawekezaji. Mwenye akaunti Kigoma au Kakamega anastahili naye kujua fedha zake zimekopeshwa wapi. Muhtasari huo ubandikwe matawini, upelekwe kwa mawakala, na uwe na namba ya simu na baruapepe ya ofisa anayejibu, si ya kituo cha huduma kwa wateja. Maswali yatakayoingia katika miezi mitatu ya mwanzo yaandikwe na yapelekwe kwenye kikao cha kwanza cha kamati, yawe sehemu ya kupanga mada za mwaka unaofuata.